Dokta Osvaldo wa Wodi ya Watoto

Nchi hii ina ugonjwa mmoja usio na chanjo, nao ni ugonjwa wa vyeo. Fundi redio akishika bisibisi anaitwa injinia. Mtu akilinda geti la ofisi mwaka mmoja, akirudi kwao anaulizwa ofisi inaendeleaje, kana kwamba funguo zote ziko kiunoni mwake. Na yeyote atakayeonekana na koti jeupe karibu na hospitali, hata kama amebeba ndoo, ataitwa dokta. Kuitwa si kosa. Kosa ni kuitika, na Osvaldo Constantino aliitika.

Kwao ni kitongoji kimoja kando ya kijiji cha Mahurunga, huko mto Ruvuma unakokaribia bahari na ambako mpunga hulimwa na binadamu ukaliwa na viboko. Babu yake alivuka mto zamani kutoka ng'ambo ya Msumbiji, akaja na jembe, mke, na majina ambayo makarani wa hapa mpaka leo kila mmoja huyaandika anavyojua. Osvaldo alilima, akachoka. Akaenda Madimba, akapata kibarua cha kulinda rundo la mabomba ya mkandarasi wa gesi, mabomba yenyewe mazito kiasi kwamba mwizi angehitaji kuja na jeshi. Akachoka na hilo pia. Ndipo akasoma kozi fupi ya uhudumu wa afya, akaomba kazi huku na huku, na hatimaye akaambiwa aripoti katika hospitali moja mjini Mtwara, ambayo jina lake tutaliacha lipumzike, awe mhudumu wa wodi ya watoto.

Mhudumu wa wodi, kwa wasiojua, ndiye anayepiga deki, anayebadilisha shuka, anayemshika mtoto akichomwa sindano, na anayemwaga na kuosha mapoti. Hasa mapoti. Ni kazi ya maana, na bila yeye wodi haikaliki hata nusu siku, lakini haina jina linalojaza mdomo. Sasa mwenyekiti wa kitongoji chao, Mzee Rajabu, alikuwa na mdomo unaopenda kujazwa. Habari ya Osvaldo aliisikia nusu, nusu iliyobaki akaitunga. Siku ya kumuaga kijana, mbele ya masufuria ya wali na madumu ya uraka, pombe ya mabibo, alisimama akatangaza kwamba kitongoji chao, kinachosahauliwa kila visima vinapogawiwa, sasa kimetoa daktari.

Vigelegele vikapigwa. Osvaldo alikuwa na nafasi ya kusema, "Samahani, mwenyekiti." Asingekufa. Badala yake alinyoosha kola ya shati, akatazama chini kwa unyenyekevu, na unyenyekevu ule ukawamaliza kabisa watu. Mtu mwenye elimu, walisema, utamjua kwa kutojikweza.

Aliyelia kwa furaha kuliko wote alikuwa mdogo wake wa kike, Conceicao. Na hapa inabidi nieleze jambo, maana bila hilo msomaji atamwona Conceicao mjinga, na hakuwa mjinga. Kwa watu wa kwao mtoto huhesabiwa upande wa mama, na msemaji wa upande huo ni mjomba, kaka wa mama. Mjomba ndiye husema mtoto aende jando au unyago lini, aposwe na nani, na akiugua apelekwe wapi. Conceicao alikuwa na binti mmoja, Anabela, mtoto wa mashavu na maswali, na msemaji wa Anabela alikuwa Osvaldo. Mjomba peke yake hapingwi. Mjomba ambaye pia ni daktari, nani atafungua mdomo mbele yake?

Siku ya kwanza kazini alipokewa na Sista Magreth, mkuu wa wodi, mama wa Njombe aliyehamia Mtwara kikazi akaja na baridi yake. Alimtazama Osvaldo kuanzia viatu hadi nywele, akafungua kabati la sare. Sare zote za wahudumu zilikuwa zimeshonwa kwa ajili ya akina mama, zina nafasi ya matiti kifuani na kiuno kimebanwa. Wanaume hawakutegemewa. Basi Sista akamtafutia koti jeupe lililoachwa na mwanafunzi wa udaktari aliyemaliza mafunzo, lenye doa la wino mfukoni.

"Vaa hili mpaka sare yako ishonwe," alisema. "Na usijisahau."

Alijisahau kabla ya saa ya chai. Alimpa mama wa mgonjwa mmoja simu yake, akasimama kando ya mizani ya kupimia watoto, mkono mmoja mfukoni kufunika doa la wino, akakunja uso kama mtu anayefikiria jambo la taifa. Picha ikaenda kwenye kundi la WhatsApp la watu wa kwao. Majibu yakamiminika: dokta wetu, Mungu amlinde dokta, dokta usitusahau. Mzee Rajabu, ambaye kuandika kunamchelewesha, alituma sauti yake ndefu yenye jogoo anayewika katikati. Osvaldo aliisikiliza akiwa chumba cha kuoshea mapoti, mlango umefungwa, na aliirudia.

Haki yake apewe. Kazi aliiweza. Wodi ile ilikuwa imechorwa ukutani simba mkubwa wa kufurahisha watoto, na watoto wote walikuwa wakimwogopa, hata wengine walikataa kulala upande ule. Osvaldo aliwaambia simba anaumwa jino ndiyo maana kaacha mdomo wazi, anasubiri zamu yake, na wao wako mbele yake kwenye foleni. Wakamhurumia simba. Mtoto akililia mama yake aliyetoka kununua uji, Osvaldo ndiye alimbeba. Akichafua kitanda, kabla mama hajaanza kuona haya shuka ilikuwa imeshatolewa, mpya imetandikwa, na mtoto keshaoshwa. Sista Magreth, ambaye kusifu kwake ni kunyamaza, alikuwa akinyamaza sana.

Angeridhika na hayo tungekuwa hatuna hadithi. Lakini simu zilikuja. Dokta, mtoto ana homa. Dokta, bibi kiuno. Dokta, mbuzi wetu hali majani. Osvaldo alizipokea kule kule chumba cha mapoti, sauti ameishusha hadi tumboni, na wote aliwapa dawa moja: anywe maji mengi, apumzike, hali isipobadilika apelekwe zahanati. Ushauri si mbaya, hata kwa mbuzi. Watu walipona, kama watu wengi wanavyopona wakiachwa, na sifa ikakua.

Sare yake ilipokuja, ilikuwa ya bluu. Koti jeupe alitakiwa kulirudisha kabatini. Alilitundika stoo, nyuma ya mlango, pale panapowekwa ndoo na jiki, ili akipigiwa simu ya video awe na kitu cha kuvaa.

Wakati ule ndipo alipoona jambo la damu. Mtoto mmoja aliyepungukiwa damu aliwekewa chupa, na damu ilipoanza kuingia akatetemeka, meno yanagongana. Dokta Jesca, daktari wa wodi, alikuja mbio, akaifunga, akampa dawa, akaagiza chupa nyingine. Osvaldo aliyaona haya akiwa mlangoni na dekio mkononi, na damu si kitu anachokiweza. Zamu yake ikaisha, akaondoka na mtetemeko ule kichwani. Kesho yake alimkuta mtoto yule yule ameketi kitandani anakula uji, ndevu za uji zimezunguka mdomo. Alimwona kwa macho yake mawili. Lakini mtoto anayekula uji si habari ya kusimulia watu, na mtoto anayetetemeka ni habari.

Alipopata mapumziko akaenda kwao. Mzee Rajabu alishaitisha watu, kwa kuwa haiwezekani daktari aje kimya kimya. Wakamweka kwenye kiti chenye mikono. Akaulizwa hiki, akaulizwa kile, na maji mengi yakawatosha. Kisha mama mmoja akauliza, eti damu hizi wanazoongezewa watu hospitali zikoje? Na Osvaldo, ambaye siku nzima hakuwa amesema neno la kumtofautisha na zahanati, akaona mlango umefunguka.

"Damu," alisema, akatulia mpaka kuku nao wakatulia. "Damu ya mtu mwingine ni mgeni mwilini. Mgeni akiingia bila hodi, nyumba inatikisika. Mimi nimeona mtoto anatikisika mbele yangu. Sisi tunaoijua hatuipendi."

"Sasa tukiambiwa tuongezewe, dokta?" aliuliza Conceicao, aliyekaa mbele kabisa na Anabela mapajani.

Hapo angeweza bado kujiokoa. Lakini makofi hulevya kuliko uraka.

"Mkatae," alisema. "Na nawaambia, hata mimi mwenyewe mkinisikia siku moja nasema iwekwe, jueni nimelazimishwa na wakubwa. Msikubali."

Walipiga makofi. Mzee Rajabu alisema kijana huyu hata serikali haimwezi. Anabela, aliyetaka kujua mgeni asiyepiga hodi huingilia wapi, alinyamazishwa.

Mvua zikanyesha, mabonde ya Ruvuma yakajaa maji, na mbu wakavuna kabla ya watu. Anabela akashikwa na homa. Conceicao alimpigia kaka yake, akaambiwa maji mengi, apumzike, isipobadilika zahanati. Akafanya yote kwa mpangilio ule, na kwa imani. Homa ikashuka, ikapanda, ikashuka. Siku mtoto alipoacha kuuliza maswali, mama akaogopa kweli, akampeleka zahanati, na zahanati hawakumkalisha hata kidogo. Walimpakia kwenye gari la wagonjwa kwenda mjini.

Asubuhi ile Osvaldo alikuwa akitoka wodini na poti kila mkono, yote mawili yamejaa, alipomwona Conceicao mwisho wa korido. Mgongoni kuna mtoto amefunikwa kanga. Anauliza watu jambo, na watu wanatikisa kichwa.

Mtu mwingine angemkimbilia dada yake. Osvaldo aligeuka na mapoti yake, akaingia stoo, akafunga mlango. Alijiambia kwamba dada amekuja tu kumsalimia. Alijiambia kwamba mtoto kalala. Alijiambia kwamba akimkuta na mapoti, dada atajisikia vibaya, kwa hiyo anajificha kwa ajili ya dada. Mtu akitaka kujidanganya hakosi hoja. Akayaweka mapoti chini, akanawa mpaka viwiko, akavaa koti jeupe juu ya sare ya bluu, akafunga vifungo vyote, akasubiri korido itulie ili atokee akiwa anatembea kidaktari.

Korido haikutulia. Akasikia sauti ya Dokta Jesca imesimama karibu na mlango.

"Sista, yule mama amekataa kabisa. Mtoto amepauka mpaka ulimi. Malaria imekula damu yote. Amepimwa mapokezi tangu alfajiri, damu ya kundi lake ipo, kanula nimeshamwekea mkononi, mama anasema hapana. Eti kaka yake daktari amekataza."

"Daktari gani huyo?" aliuliza Sista Magreth.

"Anasema yuko hapa hapa. Dokta Osvaldo. Tuna Dokta Osvaldo hospitali hii?"

Osvaldo aliishika ndoo asianguke.

"Hapa tuna Osvaldo mmoja tu," alisema Sista, "na sasa hivi ameniondokea na mapoti mawili."

"Basi atafutwe aliko. Nikilazimisha, mama atambeba mtoto aondoke, ameshaanza kufunga kanga. Na bila damu huyu mtoto hafiki jioni."

Sijui kama kuna mtu amewahi kutamani kazi ya kulinda mabomba kama Osvaldo alivyoitamani wakati ule. Pale hakuna anayekufa. Akilini alimwona Anabela mapajani mwa mama yake, akinyamazishwa. Kwa mara ya kwanza tangu avae koti lile aliogopa kitu kingine zaidi ya kuchekwa. Akafungua mlango.

Sista Magreth alilitazama koti, akatazama vifungo, akaelewa yote bila kuuliza. "Nenda," alisema tu. "Ulichokifunga kifungue mwenyewe."

Conceicao alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mtoto kifuani. Anabela alikuwa na rangi ya majivu, anapumua haraka haraka, macho nusu wazi hayatazami popote. Conceicao alipomwona kaka yake na koti jeupe uso ulimng'aa.

"Kaka! Nimekutafuta kila mahali, hawakujui. Njoo uwaambie."

Osvaldo alichagua njia fupi, kama kawaida yake. Alidhani uongo uliofunga utafungua. "Conceicao, sikiliza. Mimi kama daktari nimeiangalia damu hii mwenyewe. Ni nzuri. Mkubalie dokta aiweke."

Uso wa dada ukazima. Alimtazama Dokta Jesca, akamtazama Sista, akarudisha macho kwa kaka yake, na akamsogeza mtoto mbali nao.

"Wamekulazimisha," alisema taratibu.

"Hapana, dada..."

"Ulituambia. Ulisema hata wewe mwenyewe tukikusikia unasema iwekwe, tujue wakubwa wamekulazimisha. Ulisema tusikubali. Kaka, sitakuangusha. Sikubali."

Ndipo Osvaldo alipojua jinsi alivyo fundi. Wapo watu hujenga ukuta wakabaki nje. Yeye alijenga akamfungia mpwa wake ndani, akatupa ufunguo kwa mbwembwe mbele ya umati. Daktari Osvaldo hakuwa na neno lolote la kumwokoa mtoto yule. Kila ambalo angelisema lilishakatazwa na Daktari Osvaldo.

Ilibaki njia moja. Alifungua vifungo, akavua koti. Chini yake sare ya bluu.

"Conceicao, mimi si daktari. Sijawahi kuwa daktari. Mimi ni mhudumu. Napiga deki, natandika vitanda, naosha mapoti ya watoto. Ile habari ya damu nilisema tu. Sijui chochote kuhusu damu."

Akina mama wa vitanda vya jirani waligeuka wote. Conceicao alianza kulia, na alilia kwa huruma.

"Maskini kaka yangu. Hata nguo wamekuvalisha. Hata hilo wamekulazimisha useme?"

Dokta Jesca aliweka mkono usoni. Mtu anaweza kudanganya mwaka mzima akaaminiwa kila siku, na siku anayosema kweli haaminiwi. Osvaldo alipiga magoti. Akaapa kwa mama yao. Conceicao alizidi kumwonea huruma, na alimpangusa jasho kwa pembe ya kanga, huku pumzi za mtoto zikizidi kuwa fupi.

Kitanda cha dirishani, mtoto mmoja akatapika, na huku chini akaharisha, vyote kwa pamoja kama wafanyavyo watoto. Mama yake akapiga kelele. Sista Magreth, ambaye miaka ya kazi imemfundisha kutosubiri jambo moja liishe ndipo lianze lingine, akaita kwa sauti yake ya kila siku, "Osvaldo! Dirishani!"

Na Osvaldo akainuka. Hakufikiri. Miguu ilimpeleka. Mkono mmoja ulimgeuza mtoto ubavu asipaliwe, mwingine ukavuta beseni chini ya kitanda. Akamfuta kinywa, akamwosha, akaikunja shuka chafu kuanzia kwenye pembe ili uchafu ubaki ndani, akatandika nyingine bila kumwinua mtoto sana, akamwaga, akasuuza, akafuta sakafu. Huku akizungumza na mtoto taratibu, maneno yasiyo na maana, na mtoto akatulia na kumshika kidole. Hakuziba pua. Hakugeuza uso. Mama wa mtoto alisema, "Asante, Osvaldo," kama mtu aliyeshayasema mara nyingi.

Aliporudi, anajifuta mikono kwa sare, Conceicao alikuwa ameacha kulia. Mtu anayelazimishwa hasafishi namna ile. Mikono ile ilikuwa imezoea.

"Unaosha vinyesi," alisema.

"Naosha."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na yule mtoto aliyetikisika, aliyeongezewa damu?"

"Alipona. Kesho yake nilimkuta anakula uji."

Conceicao alifikiri kidogo. "Ulimkuta anakula uji kabla hujaja kutuhubiria nyumbani, au baada?"

Wodi nzima ilikuwa ikisikiliza. Osvaldo alitafuta uongo, na kwa mara ya kwanza haukuwepo.

"Kabla," alisema.

Wengi pale walitegemea atamzaba kofi. Conceicao hakuinua hata mkono. Alimlaza Anabela kitandani, akamnyoosha mkono wenye kanula, akasema bila kumtazama kaka yake, "Mwanangu alikuwa anakufa kwa ajili ya koti." Kisha akamgeukia Dokta Jesca. "Aliyesema damu ni mbaya ni mtu wa mapoti. Mtieni damu."

Dokta Jesca, ambaye alishakaa Mtwara vya kutosha kujua mambo ya watu wa huku, aliuliza, "Na mjomba wake amekubali?"

"Mjomba wake ana kazi," alisema Conceicao. "Nimesema mimi, mama yake."

Chupa ikatundikwa. Osvaldo alikwenda chumba cha mapoti, akafungua bomba lisikike, akalia. Alilia kwa aibu, sikatai. Lakini aibu ilikwisha mapema, na alipoendelea kulia ilikuwa kwa sababu alimpenda mtoto yule, na alikuwa amejificha stoo akifunga vifungo wakati mtoto anapumua vile. Baadaye alirudi akasimama mguuni mwa kitanda na dekio lake. Conceicao hakumfukuza wala hakumsemesha. Damu iliingia tone kwa tone. Mtoto hakutetemeka. Osvaldo ndiye alitetemeka, magoti, mpaka Sista Magreth akamsukumia kiti bila kusema kitu.

Kesho yake mchana Anabela alifumbua macho, akamtazama mjomba wake aliyekuwa anabadilisha shuka, akasema anataka ming'oko, ile mizizi ya porini inayochemshwa kwao. Akaambiwa hospitali hawapiki ming'oko. Akauliza kwa nini. Akajibiwa. Akauliza tena kwa nini, na Conceicao akafunika uso kwa kanga, mabega yanamcheza, akacheka na kulia kwa pamoja.

Siku ya kuruhusiwa, Osvaldo aliwasindikiza mpaka getini. Ndugu wawili hawakuwa wamezungumza zaidi ya salamu.

"Nyumbani nitasema," alisema Conceicao.

"Sema."

"Nitasema yote."

"Yote," alisema Osvaldo. "Hata habari ya uji. Watacheka?"

"Watakucheka mpaka mvua zijazo." Akampa Anabela ambebe kidogo, na hiyo ilikuwa ndiyo suluhu yao.

Osvaldo alirudisha koti kabatini kwa Sista, likiwa limefuliwa, akasubiri kuchekwa. Kwa kweli alikuwa akikungoja kuchekwa kule kama mtu anayengoja kung'olewa jino, liume liishe. Simu ilikaa kimya. Halafu siku moja akiwa katikati ya wodi, ameshika ndoo, ikaita. Mzee Rajabu.

"Dokta," alisema mwenyekiti, sauti imejaa hasira, "dada yako huyu ana nini? Amekuja hapa anakuchafua. Anasema wewe si daktari, eti unaosha mapoti. Mbele za watu! Tumemkanya. Tumemwambia mtoto wako kapona kwa mkono wa nani? Hana shukrani kabisa."

"Mwenyekiti, Conceicao amesema kweli."

"Ndiyo, tunajua, wewe hupendi kujikweza. Sasa sikiliza, dokta, hapa kuna mtoto wa jirani, anatapika tangu juzi, amelegea, hata kulia halii. Mama yake anasema hatoki hapa mpaka akusikie wewe. Tumeweka simu kwenye spika, kila mtu anakusikia. Apewe maji mengi?"

Osvaldo aliiweka ndoo chini. Hakwenda chumba cha mapoti, wala hakushusha sauti tumboni. Alisema pale pale, kwa nguvu, mpaka akina mama wakageuka vitandani.

"Mwenyekiti, mimi naosha mapoti! Mnanisikia nyote? Mimi si daktari, naosha mapoti ya watoto, sijui kutibu mtu wala mbuzi! Mtoto huyo aje hospitali sasa hivi, na dokta akisema chochote, mama yake akubali!"

Kisha akamsikia Mzee Rajabu ameuondoa mdomo kwenye simu, anawatangazia watu kwa sauti ile ile ya siku ya kuagana.

"Haya, mmesikia! Tafuteni bodaboda upesi. Dokta ameagiza mtoto aende hospitali sasa hivi, na mama asibishe."

Osvaldo alifungua mdomo amsahihishe. Kwa nyuma alisikia pikipiki inawashwa, na mwanamke anauliza kanga yake iko wapi. Akaufunga mdomo, akakata simu, akaenda kutandika kitanda.